Waliorudi kutoka Vitani: Wapiganaji, Familia Zao na Afya ya Akili katika Korogwe na Handeni

Wilaya za Korogwe na Handeni, katika Mkoa wa Tanga, zimekaa pande mbili za bonde la mto Pangani. Kaskazini inapanda milima ya Usambara, nchi ya Wasambaa, na kusini ya mto inaenea nchi kavu ya Wazigua, ambako mvua haina uhakika na njaa imekuwa mgeni wa mara kwa mara. Kwa muda unaozidi karne moja na nusu vijana wa pande zote mbili wamechukuliwa vitani, wengine kwa hiari na wengi kwa kulazimishwa, na waliojaliwa kurudi walirudi na majeraha ya aina mbili: yale ya mwili, ambayo serikali zilizopokezana ziliweza angalau kuyahesabu, na yale ya akili, ambayo ziliyaachia familia. Kwa sababu hiyo, historia ya kuwatunza watu hao haiwezi kuandikwa kwa kufuata mafaili ya majeshi peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wake, mama, waganga, vyama vya ngoma na hospitali moja iliyojengwa mlimani kwa kusudi jingine kabisa.

Vita vilivyotangulia utawala wa wageni ndivyo vilivyoweka msingi wa namna watu wa eneo hili walivyoelewa madhara ya kupigana. Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Usambara alipofariki mwaka 1862, ufalme wake uligawanyika, na mwanawe Semboja, aliyejiimarisha Mazinde kando ya njia ya misafara, alitumia bunduki zilizotoka pwani kuwapinga ndugu zake waliobaki milimani. Mateka wa mapigano hayo waliuzwa, na wengi waliteremshwa hadi Pangani na bandari nyingine za mrima. Wasambaa walikieleza kipindi hicho kama ugonjwa wa nchi nzima, wakitofautisha hali ya kuiponya nchi, waliyoiita kuzifya shi, na hali ya kuiharibu, waliyoiita kubana shi, ambayo hutokea pale wenye nguvu wanaposhindana bila mmoja kumshinda mwenzake na mvua ikakosa kunyesha. Katika fikra hizo, mtu aliyevurugikiwa baada ya vita hakutazamwa peke yake. Mganga aliyeitwa kumtibu aliuliza habari za ukoo, za waliokufa bila kuzikwa, za deni na za ugomvi uliotangulia, na tiba yake iliwahusu watu wa nyumba nzima. Mtazamo huo ulikuwa na mapungufu yake, kwani uliweza kuzaa shutuma za uchawi zilizowaumiza wasio na hatia, lakini ulikuwa na jambo moja ambalo tiba za baadaye zilichelewa kulifahamu, nalo ni kwamba anayerudi kutoka vitani huugua pamoja na watu wake.

Mateka hao ndio chanzo cha hospitali ya Lutindi. Mwaka 1896 chama cha Kiprotestanti cha Kijerumani kilichoshughulikia Afrika kilianzisha makazi katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa, yaani watoto waliopotezwa na vita na njaa na ambao wengi wao hawakuwa na ukoo wa kuwapokea. Baada ya miaka michache idadi ya watoto walioletwa ilipungua, na mwaka 1904 makazi yaligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Watumishi wake walitoka katika jumuiya ya Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa na iliyoamini kwamba mgonjwa anahitaji nyumba, ratiba ya siku na kazi ya mikono anayoiweza kabla hajahitaji kitu kingine chochote. Reli ya Usambara, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ilirahisisha kuwaleta wagonjwa kutoka Tanga na mashambani hadi chini ya mlima, na kutoka hapo safari ilikuwa ya miguu.

Isidhaniwe kwamba utawala wa Kijerumani uliitegemea Lutindi kwa huruma tupu. Aghalabu waliopelekwa huko walikuwa wale walioonekana kuwa hatari au usumbufu katika miji na mashamba ya walowezi, ilhali mgonjwa mtulivu aliyekaa kijijini kwao hakumhusu ofisa wa wilaya. Hata hivyo maisha ya ndani yalifuata mwendo wake: wagonjwa walilima bustani, walichanja kuni, walifuga na kupika, na waliokuwa na nafuu waliwasaidia waliozidiwa. Tiba hii ya kazi, ambayo humrudishia mgonjwa mpangilio wa siku na hadhi ya kuwa na manufaa kwa wenzake, iliendelea kuwa nguzo ya Lutindi katika vizazi vyote vilivyofuata.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilizifikia wilaya hizi moja kwa moja. Wajerumani walitandaza reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, yenye vigari vilivyosukumwa kwa mikono ya watu. Katikati ya mwezi Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Korogwe, siku chache baadaye yakaiteka Handeni, na tarehe 24 mwezi huo yakapigana na Wajerumani katika mto Lukigura. Nyuma ya mapigano kulikuwa na wapagazi, yaani wanaume waliobebeshwa risasi, unga na majeruhi kichwani kwa mamia ya kilomita, wakichukuliwa kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza. Waliokufa miongoni mwao waliuawa zaidi na kuhara damu, nimonia, malaria na njaa kuliko risasi. Walikotoka, nafaka na mifugo vilikuwa vimechukuliwa kulisha majeshi, na vijiji vya Uzigua viliingia katika upungufu wa chakula huku wenye nguvu za kulima wakiwa hawapo.

Katika miaka hiyohiyo madaktari wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya askari waliotetemeka, kupoteza sauti au kushindwa kulala baada ya kupigwa mizinga, na mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers alichapisha makala iliyoipa hali hiyo jina katika maandishi ya kitabibu. Hospitali maalumu zilifunguliwa kwa ajili ya askari wa Uingereza. Mpagazi wa Handeni aliyerejea na hali ileile hakuwa na hospitali, na mara nyingi hata ujira wake haukumfikia. Alirudi kwa watu wenye njaa, na mwishoni mwa mwaka 1918 akakutana na homa kubwa ya mafua iliyoua wengi waliokuwa wamenusurika na vita.

Msaada uliokuwepo ulitoka mahali ambapo maofisa wa kikoloni hawakuutazamia. Ngoma ya beni, iliyokuwa imezaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanga kabla ya vita, ilisambaa bara kwa kasi wakati wa vita na baada yake, ikibebwa na askari, wapagazi na wafungwa wa pande zote mbili. Wachezaji walijipanga kwa vyama, maarufu zaidi vikiwa Marini na Arinoti, walivaa sare, walifanya gwaride, walipiga ngoma na tarumbeta, na walipeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Watawala waliogopa kwamba ni njama, na wamisionari waliona ni upuuzi wa kuiga wazungu. Wote wawili hawakulipa uzito wa kutosha jambo lililokuwa wazi kwa wanachama wenyewe, kwamba chama cha beni kilikuwa na mfuko. Mwanachama akiugua, wenzake walimtembelea na kumchangia. Akifa ugenini, walimzika na kupeleka habari kwao. Na akiwa mgeni mjini, alipokewa na watu wa chama chake kana kwamba amefika kwa ndugu. Kwa mtu aliyekwisha kupigwa viboko akiwa mpagazi, siku ya ngoma aliyovaa sare safi na kuitwa kwa cheo mbele ya wake na watoto ilikuwa na thamani ambayo dawa za wakati ule zisingeweza kuitoa. Ni haki kusema kwamba beni, pamoja na mashindano yake yaliyofikia hata ugomvi, ilikuwa miongoni mwa huduma za kwanza za kijamii zilizoendeshwa na waliorudi vitani kwa ajili ya wenzao katika nchi hii.

Utawala wa Uingereza ulipotulia, ulifungua hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Dodoma mwaka 1927, inayojulikana leo kama Mirembe. Kwa ramani ilikuwa hatua kubwa, lakini kwa familia ya Korogwe ilikuwa mbali mno, kwa sababu reli ya Tanga na reli ya kati hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, ilipokamilika njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ndani ya wilaya ya Korogwe yenyewe. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, mzazi aliyetaka kumwona mwanawe Dodoma alilazimika kusafiri kwa njia za barabara zisizotabirika au kuzunguka kwa bahari kupitia Dar es Salaam, na aliyepelekwa huko alihesabiwa nyumbani kama aliyepotea. Lutindi iliendelea kuwa mlango wa karibu, ingawa vita viwili vya dunia vilikatiza kazi yake kwa kuwaondoa wamisionari wa Kijerumani.

Vita Kuu ya Pili viliwachukua Watanganyika zaidi ya 80,000, wengi wao katika King's African Rifles, yaani jeshi la Waafrika wa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na katika vikosi vya kazi vilivyoandamana nalo. Walipigana Ethiopia, wakatua Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Safari hii jeshi lilikuwa na madaktari wa akili, lakini elimu waliyoitegemea ilikuwa na kasoro kubwa. J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi kuanzia mwaka 1938 na ambaye kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alifundisha kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayomwondolea mtu nguvu, usingizi na matumaini, kwa madai kwamba hana tabia ya kujilaumu nafsini kama Mzungu. Mafundisho hayo yamekwisha kukanushwa na tafiti nyingi, lakini madhara yake hayapaswi kuchukuliwa kuwa madogo. Askari aliyekaa kimya kwa miezi, akakataa kula na kuogopa kulala, hakuonekana kuwa mgonjwa kwa sababu nadharia ilisema ugonjwa huo haumpati. Alionekana mvivu au mkaidi, na aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na malipo yake ya mwisho na nguo za kiraia.

Huko nyumbani alikuta mashamba ya mkonge ya Korogwe yakiwa katika miaka ya neema ya bei, na wengi walipata kazi humo, jambo ambalo liliwasaidia baadhi na kuwaficha wengine. Kambi za mkonge ziliwapokea watu wa makabila mengi waliotoka mbali, na humo mtu angeweza kuishi miaka mingi akizama katika pombe za boha au gongo bila jirani kujua kwamba aliwahi kuvuka bahari kwenda kupigana.

Vita vya Kagera vilikuwa vya namna tofauti, kwa kuwa viliwachukua raia wa taifa huru kulinda nchi yao wenyewe. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na katika muda mfupi Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuzwa mara kadhaa kwa kuingiza mgambo, yaani raia waliopata mafunzo ya kijeshi vijijini na kazini, pamoja na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Wapiganaji walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kutoka Mutukula, mpakani, kupitia Masaka hadi Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na baadhi walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Walipita katika vijiji vya Kagera vilivyoachwa vikiwa na maiti za raia. Taifa liliwapokea kwa shangwe, na shangwe hiyo ilikuwa ya haki. Lakini waliporudi vijijini walikuta maduka hayana sabuni, sukari wala nguo, kwa kuwa gharama za vita, bei ya mafuta na kudorora kwa uchumi vilikuwa vimekutana mwaka uleule.

Tofauti kati ya askari wa kudumu na mgambo ina maana kubwa katika suala hili. Askari aliyebaki jeshini aliendelea kuwa na hospitali za jeshi, kikosi, makamanda waliomjua na hatimaye pensheni au kiinua mgongo. Mgambo aliyerudishwa alikabidhi bunduki na kurudi kwenye jembe, na kwa wengi uhusiano wao na jeshi uliishia hapo; madai ya malipo ya wapiganaji wa Kagera yameendelea kuwasilishwa serikalini na bungeni kwa miongo kadhaa. Jambo linalosahaulika katika madai hayo ni kwamba kikosi chenyewe ni tiba. Wapiganaji wanaokaa pamoja husimuliana yale wasiyoweza kuwaambia wake zao, na mmoja akianza kupotea katika ulevi wenzake humwona mapema. Mgambo aliyetawanywa peke yake katika kijiji cha Handeni, ambako pengine hakuna mwingine aliyefika Masaka, alikosa hata hilo.

Ilitokea pia kwamba mwaka 1980, wakati wapiganaji hao wakirejea majumbani, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake wa magonjwa hali ambayo kwa Kiswahili inaweza kuelezwa kama ugonjwa wa kiwewe, baada ya shinikizo la muda mrefu la wapiganaji wa Vietnam na watetezi wao. Ni hali ambayo tukio la kutisha humrudia mtu katika ndoto au mchana kweupe kana kwamba linatokea upya, akashtuka kwa kishindo kidogo, akaepuka watu na mahali panapomkumbusha, na moyo wake ukafa ganzi hata kwa wale anaowapenda. Mwaka huohuo Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilianza mpango wa kuingiza huduma ya afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya, na mikoa ya majaribio ilikuwa Kilimanjaro na Morogoro. Ulikuwa mpango mzuri ulioheshimika nje ya nchi, lakini Tanga haikuwa katika mikoa hiyo miwili, na mpango wenyewe ulilenga magonjwa ya akili kwa jumla bila kuwatenga waliotoka vitani kama kundi lenye mahitaji yake.

Pengo hilo lilijazwa na wanawake. Mke wa mpiganaji aliyeruka usiku akipiga kelele ndiye aliyejifunza kutomwamsha kwa kumgusa, ndiye aliyewatuliza watoto na kuwakataza kuchezea mabati, na ndiye aliyetafuta nauli ya kwenda kwa mganga, kwa shehe wa kusoma dua na kumwandikia kombe, au kwa mchungaji, mara nyingi kwa wote watatu kwa zamu. Watu wa nje huiona safari hii ya kuzunguka kama ushirikina au kukosa msimamo. Kwa kweli ni utafiti unaofanywa na familia yenye fedha kidogo na mgonjwa mmoja, ambayo hujaribu kila mlango ulio wazi na kupima matokeo. Palipokuwa na ukimya wa aibu, mke pia alibeba lawama, kwa sababu jamaa walikuwa wepesi kusema kwamba mume alikwenda mzima na kuharibikia mikononi mwake.

Lutindi, ambayo sasa iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, imebaki na karakana, mashamba na bustani za chai ambamo wagonjwa wenye nafuu hufanya kazi pamoja na watumishi. Dawa za kisasa, kuanzia klopromazini iliyoanza kutumika duniani mwaka 1952 hadi sindano ya kila mwezi inayomwondolea mgonjwa haja ya kumeza vidonge kila siku, zimewawezesha wengi kukaa nyumbani. Hata hivyo sindano ya mwezi inataka nauli ya mwezi. Familia ya kijiji cha ndani Handeni hushuka hadi barabara kuu, hufika Segera, huelekea Korogwe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga, na msimu wa mavuno mabaya huiruka safari moja, kisha mbili, mpaka ugonjwa unarudi.

Handeni ilipokea pia warejeaji wengine wa vita ambao hawakuwahi kushika bunduki. Wazigua waliouzwa utumwani katika karne ya 19 na kufika bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia, walitunza lugha yao huko kwa vizazi kadhaa, na dola la Somalia liliposambaratika mwaka 1991 baadhi yao walikimbia kwa bahari hadi Tanga. Waliwekwa Handeni, na mwaka 2003 wakapewa makazi ya kudumu katika kijiji cha Chogo, ambako wengi hatimaye walipata uraia wa Tanzania. Walikuta majirani wanaofahamu lugha yao na majina ya koo zao, na kwa mtu aliyeshuhudia mauaji ya jamaa zake ni vigumu kutaja dawa iliyo bora kuliko kupokewa kama ndugu na kupewa shamba. Mababu zao na wale watoto wa kwanza wa Lutindi waliangukia katika biashara ileile.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliondoa sheria ya kikoloni na kuweka haki za mgonjwa na taratibu za kulazwa. Wakati huohuo wanajeshi wa Tanzania wameendelea kufa na kujeruhiwa katika ulinzi wa amani, saba wakiuawa Darfur Julai 2013 na zaidi ya kumi katika shambulio la Semuliki, mashariki ya Kongo, Desemba 2017, na familia zao zimeenea katika mikoa yote. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipovuka Mutukula sasa anakaribia miaka 70, umri ambao kumbukumbu za zamani huelekea kurudi kwa nguvu mtu anapoacha kazi na wenzake wanapofariki. Tabibu wa zahanati anayempima mzee huyo shinikizo la damu na kusikia kwamba halali usiku angeweza kumuuliza swali moja la nyongeza, kama aliwahi kwenda vitani na alikuwa na nani, na kisha kumuuliza mkewe aliyeketi benchi la nje swali hilohilo kwa upande wake. Swali hilo halihitaji jengo jipya wala dawa mpya, bali dakika kumi na mafunzo ya kujua la kufanya baada ya jibu, na katika Mkoa wa Tanga hospitali ya kumpokea mwenye kuhitaji zaidi imekuwa mlimani tangu mwaka 1904.